Kiatu Changu Kilivyonasa Jukwaani Nyololo

Kuna watu wengi tu wameniona nimevaa soksi iliyotoboka mbele ya mgeni rasmi, na baadhi yao bado nakutana nao hapa Mbeya na wananisalimia wakiwa wameangalia kwanza miguu yangu, kwa hiyo sina cha kuficha tena, bora niwasimulie mwenyewe kuliko mkaisikie kwa wanaoongeza chumvi (kuna wanaosema nilibaki na bukta, si kweli, suruali ilikuwepo muda wote).

Naitwa Lusajo. Ni afisa habari wa taasisi ya taifa inayofanya utafiti wa malighafi, yaani mbao, udongo, vyuma, plastiki, kipi ukichanganya na kipi unapata kitu gani cha maana. Mimi si mwanasayansi, nieleweke hapo. Kemia niliachana nayo kidato cha pili kwa makubaliano ya pande zote mbili. Kazi yangu ni kuandika habari za mafanikio ya wenzangu, kupiga picha, na tukiwa na shughuli kushika kipaza sauti, kwa sababu inasemekana nina sauti nzuri.

Sasa, mafanikio makubwa kwenye tawi letu la Mbeya yalikuwa gundi ya Dokta Atupele. Huyu mama ni mkemia, mtu mpole, haongei sana, na alikuwa amehangaika miaka mingi kutengeneza gundi ya plaiwudi kutokana na utomvu wa mipaini ya Mufindi na yale maji meusi yanayobaki mbao zikishachemshwa kutengeneza karatasi, ili wenye karakana waache kusubiri gundi inayotoka nje ya nchi. Gundi ya kwanza ilimwangusha. Waliipeleka Nyololo kwa Mzee Ramji, mwenye karakana ya plaiwudi pale, akaitumia, mvua zikaja, plaiwudi zikafunguka ukurasa kwa ukurasa kama kitabu. Mzee Ramji ni Mhindi aliyezaliwa Iringa, ukikutana naye anakuwahi kwa "kamwene", salamu ya watu wa huko, kabla hujafungua mdomo, lakini siku ile alimpigia Dokta simu bila kamwene yoyote akamwambia, "Mama, umeniletea uji."

Dokta akarudi maabara. Akabadilisha, akapima, akabadilisha tena, mpaka akapata gundi aliyoiamini. Mkuu wetu naye akamwambia waziwazi kwamba hii ndiyo nafasi ya mwisho, Mzee Ramji akikataa, mradi unafungwa na fedha zinakwenda kwa watu wa matofali. Basi ikapangwa shughuli pale pale karakanani Nyololo, mgeni rasmi mama mmoja kutoka ofisi ya mkoa, na wenye karakana wengine wa Mafinga na Makambako waje washuhudie. Jukwaa lenyewe lilijengwa kwa plaiwudi.

Tukaondoka Mbeya asubuhi, mimi, Dokta, na dereva wetu Mzee Kihwele. Nilikuwa nimependeza. Nilikuwa na koti la bluu na viatu nilivyonunua mtumba Mwanjelwa, ambavyo muuzaji aliniapia vimetoka Italia. Tulipofika Makambako tukasimama tunywe chai, na pale nilipokanyaga chini tu, kiatu cha kulia kikafungua mdomo, soli mbele imeachia kabisa, nikitembea kinapiga makofi.

Mzee Kihwele akakiangalia. "Mwanangu," akasema, "fundi viatu yule pale ng'ambo. Akupigie uzi, tunywe chai, tuondoke."

Nikamwangalia fundi, nikaona kuna watu wawili wamekaa wanamsubiri, mguu mmoja mmoja hauna kiatu, nikajiona mimi mshereheshaji nimekaa pale barabarani na koti langu, moyo ukakataa. Halafu nikakumbuka nyuma ya gari kuna katoni nzima ya gundi ya taifa. Jamani, mimi ndiye niliyeandika kwamba gundi ile ina nguvu kuliko zote tulizowahi kuzijaribu, sasa kwa nini nisiiamini.

Wakati Dokta yuko ndani na kikombe chake, nikatoa kopo moja dogo, nikachota kwa kijiko cha chai, nikapaka (nilipaka kama mtu anayepaka siagi nyumbani kwa watu), nikakandamiza soli, gundi ikachuruzika pembeni mpaka chini ya kiatu, soli ikakaa. Nikaona Dokta anatoka. Nikafunika kopo harakaharaka, yaani nilichofanya ni kuweka mfuniko juu yake, nikalisukumia kwenye mfuko wa koti, nikapanda gari na uso wa mtu aliyetoka kusali.

Kitu kimoja kilinipita, na aibu ni kwamba nilikuwa nimekiandika mwenyewe kwenye taarifa kwa vyombo vya habari: gundi ile kwenye baridi haigandi wala haikauki, inabaki laini, ila ikipata joto ndiyo inakamata. Na Makambako asubuhi ile ilikuwa baridi ya kutoa moshi mdomoni.

Nyololo tulikuta ukungu. Watu wamejaa, meza kuu imepambwa, viti vya jukwaani vimevalishwa vitambaa vyeupe na riboni za kijani kama harusini. Mezani mbele yetu Dokta akaweka mashine yake, ina ukubwa wa cherehani, kazi yake ni kuvuta kipande cha plaiwudi mpaka kiachie na kuonyesha kimeachia kwa nguvu kiasi gani. Hiyo mashine ndiyo ingesema kila kitu mbele ya Mzee Ramji.

Nikafungua shughuli vizuri, nikatambulisha watu, nikachekesha kidogo, nikamkaribisha mgeni rasmi, nikaenda kukaa. Mama yule akahutubia. Ukungu ukaondoka, jua likatoka, na turubai lilikuwa limefunika wageni tu, sisi wa jukwaani tukabaki wazi. Nilisikia joto la mbao linapanda kwenye nyayo, nikasikia na kaubaridi kama kitu kinanilowanisha ubavuni, nikadhani ni jasho. Sikusogea. Nilifundishwa nyumbani kwamba mkubwa akiongea mtoto mwenye adabu hachezi na miguu, na kwa adabu hiyo nikakaa kimya, mguu wa kulia umetulia pale pale hotuba nzima, na hotuba haikuwa fupi.

Akamaliza, akanirudishia kipaza sauti. Dokta akasimama karibu na mashine, akaniashiria nimpelekee kipaza sauti. Nikainuka.

Kiti nacho kikainuka. Kopo lilikuwa limemwagika mfukoni, koti limeshikana na kile kitambaa cheupe, na kitambaa kimefungwa kwenye kiti kwa riboni, kwa hiyo nikawa nimesimama na kiti mgongoni kama mtu aliyebebeshwa mzigo. Hilo peke yake ningeweza kulivumilia. Ila nilipopiga hatua, mguu wa kushoto ukaenda, wa kulia ukakataa, na mwili, ambao ulikuwa umeshaamua kwenda, ukaendelea na safari bila mguu. Nikaangukia meza. Meza ikaenda mbele, mashine ikaserereka, ikaanguka chini ya jukwaa, nikasikia chuma kinavunjika.

Nikainuka na kiti changu mgongoni, mguu umechomoka, kiatu kimebaki peke yake katikati ya jukwaa kinaangalia wageni, na kidole gumba changu kimetoka kwenye soksi chote kama kinataka kutoa salamu za shukrani.

"Pole, kijana," mgeni rasmi akasema taratibu. Huruma ile iliniumiza kuliko kicheko.

Dokta Atupele hakuja kwangu, alikwenda kwenye kiatu. Akainama, akagusa pembeni mwa soli, akanusa kidole. "Lusajo. Hii ni gundi yangu."

"Ndiyo, Dokta."

"Umepaka lini?"

"Makambako. Tulipokunywa chai."

Akawa anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Nikajua anahesabu siku zangu za kazi zilizobaki.

Mzee Ramji alikuwa ameshasimama. Akaiangalia mashine pale chini, imekatika shingo, akatikisa kichwa. "Sasa mama, mashine imekufa, tutapima kwa nini? Mara ya kwanza uji, leo maigizo." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu aliyechoka, na nikaona wale wa Mafinga nao wanaanza kuokota kofia zao. Niliwaza miaka yote ya huyu mama, nikatamani kile kiti kinifunike.

Dokta akaokota kipaza sauti. "Mzee Ramji, nakuomba kabla hujaondoka, panda hapa ung'oe hicho kiatu."

Mzee akadhani anataniwa.

"Sitanii. Usiniamini mimi wala mashine. Ng'oa kwa mikono yako."

Mzee Ramji akapanda. Akashika kiatu kwa mkono mmoja, akavuta, wapi. Akakunja mikono ya shati, akachuchumaa, akavuta kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kiatu kimetulia tu. Akawaita mafundi wake wawili wenye mwili, wakashika huku na huku, wakavuta pamoja, ngozi ikalia *chraaa*, wakaenda nyuma na nusu ya juu ya kiatu changu cha Italia mikononi. Soli imebaki jukwaani.

Hapo watu walikuwa wameshasogea wote. Fundi mmoja akaleta patasi, akapenyeza chini ya soli, akagonga, akagonga, mwishowe ikatoka. Mzee Ramji akavaa miwani, akaigeuza. Kule chini soli ilikuwa imebeba nyuzi za mbao, tabaka zima la juu la plaiwudi limechomoka nayo, na jukwaani limebaki shimo lenye umbo la mguu wangu.

"Mbao ndiyo imechanika," akasema polepole.

"Ndiyo," Dokta akajibu. "Gundi ikiwa nzuri, kinachochanika ni mbao. Gundi haijaachia."

"Na hii haikukandamizwa kwa mashine?"

"Ilikandamizwa na Lusajo tu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana ningefanyaje. Lakini Mzee Ramji ni mfanyabiashara, hakucheka. Akauliza, "Na mvua?" Kisha, kabla hajajibiwa, akashuka na soli yangu mkononi mpaka kwenye lile pipa kubwa ambamo wanachemshia magogo yalainike kabla ya kumenywa kuwa matabaka membamba, maji yanatokota, akaitumbukiza. "Twendeni tukale," akasema. "Tukirudi tutajua."

Chakula kile sikukisikia ladha. Walinikata koti kwa mkasi kuniachanisha na kitambaa cha kiti, nikabaki na koti lisilo na upande mmoja, Mzee Ramji akaniazima mabuti ya mvua ya mlinzi ambayo yangetosha watu wawili, nikakaa pembeni na sahani ya wali. Dokta naye hakula, alikuwa anazungusha tu kijiko. Nikamsogelea nikamwambia, "Dokta, nisamehe." Akaniangalia, akasema, "Subiri kwanza tuone soli yako."

Tukarudi. Mzee Ramji akaiopoa kwa koleo, akaisubiri ipoe, akajaribu kubandua zile nyuzi za mbao kwa kucha, baadaye kwa kisu. Mbao ilikuwa imelainika kama mkate kwenye chai. Pale penye gundi hapakuachia. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akamgeukia Dokta.

"Kamwene, mama," akasema. "Leta madumu. Tuanze na hawa jamaa wa Mafinga wakiona."

Dokta akageukia ukuta wa karakana. Nilidhani anatafuta kitu kwenye mkoba, kumbe anafuta macho.

Safari ya kurudi hakunisemesha. Tumepita Makambako kimya, tumefika Igawa kimya, Mzee Kihwele anaendesha kama amebeba mayai, mara nikasikia Dokta anatoa sauti ya ajabu kiti cha mbele, nikadhani analia tena, kumbe amekumbuka kile kiti mgongoni kwangu. Alicheka mpaka akamwomba Mzee Kihwele asimamishe gari pembeni, na Mzee Kihwele, ambaye alikuwa amejizuia tangu Nyololo kwa heshima, naye akalala kwenye usukani.

Msidhani niliponea hapo. Mashine ilikaa kwa fundi wiki nyingi, na kila mtafiti aliyeihitaji alikuja kwanza ofisini kwangu kunisalimia. Halafu habari ya mafanikio yale ilibidi niiandike mimi. Nilianza na "jaribio la ziada lilifanyika", Dokta akaifuta, akaniambia niandike ukweli, nikaandika ukweli, na picha iliyochaguliwa na mkuu wetu kuwekwa juu kabisa ni ya kiatu na kidole gumba. Ndiyo habari iliyosomwa kuliko zote nilizowahi kuandika, na leo ukipita Nyololo utaona malori yanapakia plaiwudi za gundi ya mipaini yetu.

Nilichojifunza ni kwamba gundi ya mbao ni ya mbao, na mwenye haraka ya kumkwepa fundi wa barabarani atakutana na fundi mwenye patasi mbele za watu. Kushika kipaza sauti bado nashika. Ila nikiwa jukwaani sisimami mahali pamoja, naenda kushoto, narudi kulia, nainua mguu huu, nashusha ule, na watu wananipongeza kwamba siku hizi nina mbwembwe.