Modeli ya Mto na Madaftari Yangu

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusoma maji. Ubao wenye namba ulisimikwa ukingoni mwa Rufiji, nami kila asubuhi na jioni niliuangalia na kuandika kimo cha mto daftarini. Posho yake ilikuwa ya kununulia sukari tu. Ujira wangu ulikuwa watu: wakulima wa Mahege hawakushuka bondeni bila kupita barazani kwangu kuuliza, "Maji yanasemaje?"

Kisha akaja binti mmoja mtaalamu kutoka Dar, na kompyuta yake. Humo ndani alikuwa ametengeneza mfano wa mto mzima, wenyewe wanauita modeli. Unaiambia mvua iliyonyesha huko juu, nayo inakuambia mafuriko yatafika lini, na maji ya chumvi yatapanda hadi wapi kule deltani. Ili modeli ijifunze tabia za mto, aliomba madaftari yangu. Nikampa yote.

Haukupita muda, watu wakawa wanapita mbele ya baraza yangu bila hata kugeuza shingo, wanakwenda kumuuliza yeye ofisi ya kijiji. Hata mke wangu. Nilimkuta ameketi benchini pembeni yake, anaoneshwa vistari vya buluu, anacheka. Mimi hajanichekea hivyo tangu mwaka juzi. Niliona wivu, sifichi.

Siku moja binti akanijia, akanipa shikamoo, akafungua daftari.

"Mjomba, kuna kitu sikielewi. Kila Ijumaa mto haupandi wala haushuki. Namba ni ileile ya Alhamisi."

Sababu niliijua. Ijumaa nilikuwa nakwenda kuswali Kibiti mjini, kisha nakula pilau kwa dada yangu. Nikirudi Jumamosi, nanakili namba ya Alhamisi. Nani angejua? Lakini wakati wa masika mto wetu hupanda sana kwa siku moja, na modeli ilikuwa imejifunza mto mvivu kuliko huu.

Ningeweza kusema. Nikamtazama alivyo kijana, anavyopendwa, nikashindwa.

"Nimesoma kwa macho yangu," nikamwambia. "Au wataka kunifundisha mto?"

Akaomba samahani, akaondoka na namba zangu kama zilivyo.

Mvua zilipokolea, modeli ikasema mafuriko yatafika baada ya siku sita. Mahindi ya bondeni yalikuwa karibu kukauka, watu wakaamua kuyaacha shambani yakauke kwanza. Siku ya pili niliona ubao unamezwa. Hakuna aliyekuja kuniuliza, nami sikumwambia mtu. Wana kompyuta, nilijisemea, waiulize hiyo. Siku ya tatu bonde lote likawa maji, shamba letu likiwemo.

Kijiji kikaitana. Binti akasimama, akasema, "Kosa ni langu. Modeli yangu ndiyo iliyokosea."

Mke wangu akanyanyuka upande wa wanawake. "Mie najuta. Huyu mume wangu miaka yote hajatudanganya hata siku moja, tukamwacha."

Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Nilichokitamani kwa miezi nilikipata pale, nikakipokea.

Kikao kilipoisha, binti akaja mbele ya wote, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniomba radhi kwa kuyatilia shaka madaftari yangu.

Nikamwambia nimemsamehe.