Pale Juu Alipoimba Marvella

Watu husema mcheza kwao hutuzwa. Waliosema hivyo hawakumjua Velda Pruett wa Cutler Gap, mama aliyeweza kumsikiliza mwanawe akiimba kanisani asubuhi nzima, kisha njia nzima ya kurudi nyumbani akazungumzia kofia ya mke wa mchungaji.

Mwana huyo, binti, aliitwa Ardith. Alifanya kazi katika kiwanda cha soksi, akishona ncha pale vidole vinapoingia, soksi baada ya soksi, miaka kumi na tisa. Sauti alikuwa nayo, na Tennessee yote ya upande ule wa mlima ililijua hilo. Mama yake tu ndiye hakujua, maana masikio yake alikwisha kumpa Marvella Tackett, mwimbaji wa muziki wa kantri. Picha ya Marvella ilining'inia sebuleni kando ya picha ya marehemu mumewe, na kusema kweli ya Marvella ilikuwa kubwa kidogo. Ardith akiimba huku anaosha vyombo, Velda alimkatiza.

"Mwachie Marvella hizo, mwanangu. Wewe una sauti ya kuombea chakula."

Maneno hayo yalimkwama Ardith kama mfupa wa samaki. Hakutaka umaarufu. Alitaka siku moja tu mama yake aweke chini sindano za kufumia, ainue macho na kusema: hapo umeimba. Mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, na bado alikuwa akingojea hilo.

Ikatokea Marvella akagombana na kampuni yake ya zamani, nayo ikazing'ang'ania rekodi zake zote. Kampuni mpya ilitaka kutoa santuri ya nyimbo zake ishirini zilizopendwa zaidi, kwa hiyo ilibidi aziimbe upya. Na hapo ndipo palipokuwa na siri: Marvella alikuwa amepasuliwa koo. Sauti ya chini ilibaki, ya juu ilikwenda na maji. Mpiga piano mmoja wa Nashville, aliyewahi kumsikia Ardith katika mkutano wa injili, akampigia simu.

Jumamosi nne alikwenda studio, nyumbani akisema kiwandani kuna kazi ya ziada. Marvella aliimba beti. Wimbo ulipoanza kupanda, alirudi nyuma hatua mbili, na Ardith akasogea kwenye kipaza sauti. Siku ya mwisho Marvella alimshika mikono yote miwili.

"Ukisema, dada, mimi nimekwisha. Niapie."

Ardith aliapa. Kwao kiapo si mchezo. Babu yake alihama kaunti kwa sababu ya kiapo kimoja.

Santuri ile iliuzwa kuliko zote alizowahi kutoa Marvella. Ilitangazwa kwenye televisheni usiku na mchana, ikalia kwenye malori na kwenye saluni. Velda aliagiza yake kwa posta kabla tangazo halijaisha. Ilipofika aliketi nayo kama mgeni wa heshima. Wimbo wa tatu ulipofika kwenye kiitikio, sindano zake zilisimama. Aliinua macho.

"Umesikia hapo?" alisema. "Miaka yote hii hajawahi kupanda namna hiyo. Hapo ameimba."

Ardith alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maharage. Aliliweka mezani, akatoka hadi kwenye banda la kuku, akalia huko mpaka mkate wa mahindi ukaungua. Alikuwa amepata neno lake, likiwa limeandikwa jina la mtu mwingine.

Majira ya kuchipua moyo wa Velda ulianza kushindwa. Daktari hakuficha. Ardith aliomba ruhusa kiwandani, akakaa kando ya kitanda, akipigana na kiapo chake. Mwishowe alijidanganya kwamba kuimba si kusema. Mchana mmoja aliuimba wimbo ule wa tatu, polepole, akapanda pale pale, kwa pumzi ile ile.

Velda alisikiliza macho yamefungwa.

"Umekaribia," alisema. "Umekaribia sana. Lakini Marvella, pale juu, ana kitu ambacho hakifundishiki."

Ardith alishindwa kujizuia. "Mama, ni mimi. Kwenye santuri, pale juu, ni mimi niliyeimba."

Mama yake alimpapasa mkono, kwa upole, na upole huo ndio uliouma kuliko yote.

"Wivu haukufai, mwanangu," alisema.

Hivyo kiapo kilivunjika bure. Jioni hiyo Velda alimwita Dewey, mwanawe mdogo, akamwagiza kwamba Ardith asiimbe mazishini, atalia aharibu. Apigiwe santuri ya Marvella.

Walimpigia. Kanisa lilijaa, jikoni masufuria ya kuku na viazi yalikosa mahali pa kuwekwa, na mchungaji mwenyewe aliiweka sindano ya gramafoni kwenye wimbo wa tatu. Ardith alikaa mstari wa mbele, mikono mapajani. Wimbo ukapanda. Wanawake wakatoa vitambaa.

Dewey, aliyeimba bega kwa bega na dada yake katika kwaya ya kanisa hilo tangu utotoni, aligeuka ghafla. Alimtazama Ardith mdomoni. Mdomo ulikuwa umefungwa.

"Dada," alinong'ona. "Yule anayeimba ni nani?"

Ardith hakuondoa macho kwenye jeneza.

"Ni Marvella," alisema. "Mama alimtaka Marvella."