Jemedari Aliyekata Nyuzi

Mtoto wa kaka yangu alijipa mwenyewe jina la Jemedari, na hilo peke yake lingetosha kumweleza. Jina la utani mtu hupewa na watu. Ukiona kajipa, jua watu walimtafutia wakakosa la kumpa.

Mimi ni shangazi yake. Nilimpokea siku aliyozaliwa, na naandika haya nikiwa na akili zangu timamu, wajukuu wasije wakasimuliwa kwamba katika ukoo wetu palikuwa na mpiganaji wa dini. Palikuwa na mvivu.

Baba yake alikuwa dobi. Kazi aliifanyia katika nyumba tuliyorithi kwa mama yetu, mafungu mawili yake, moja langu. Mbele palikuwa na chumba cha kupokelea nguo, katikati chumba cha pasi, uani makaro matatu ya saruji na kamba kumi na moja za kuanikia. Jemedari alikulia juu ya mafurushi ya nguo za watu, lakini hajawahi kufua hata leso yake ya mafua. Sabuni ilimwasha. Mvuke ulimpa kikohozi. Alipelekwa kujifunza ufundi umeme, akarudi anaogopa swichi. Alipelekwa kujifunza udereva, akasema mwalimu ana kisirani.

Alipofika miaka thelathini na minne akaigundua dini. Dini yenyewe ilikuwapo, sisi tulikuwa tunasali kabla mama yake hajaolewa, lakini yeye aliigundua kama mtu anayegundua mlango wa nyumba aliyolala humo maisha yake yote. Na katika dini nzima akaokota neno moja, jihadi. Sala ya alfajiri ilimshinda. Funga ilimuumiza tumbo. Jihadi aliiweza, kwa kuwa aliifanya akiwa amekaa kwenye benchi la mbele, simu mkononi. Debe tupu huvuma. Huyu alikuwa debe tupu lenye kipaza sauti.

Kaka yangu alikuwa akimjibu bila kuinua macho kwenye pasi.

"Ya upanga ina masharti yake na wakati wake na wenyewe," alimwambia siku moja. "Haiitishwi na kila aliyeota ndevu. Iliyobaki kwangu ni kufua kola ya mtu asiyejibu salamu yangu, na kuitoa nyeupe kama ya rafiki."

"Hiyo ni jihadi ya wanawake, baba."

"Basi nenda kasaidie. Kuna mwanamke mmoja yuko karoni peke yake."

Mwanamke huyo ndiye Mama Pacha. Ni Mkristo, mjane, na alikuwa amefua kwa kaka yangu miaka kumi na tisa. Mabinti zake pacha walikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ukunga, na mikono yake ndiyo iliyokuwa ikiwasomesha. Kaka alipougua, Mama Pacha ndiye aliyefua mashuka yake, mashuka ambayo mwanawe aliyapita amebana pua.

Lazima nieleze jambo moja la kazi. Dobi akichanganya nguo za watu, amekwisha. Wengine huandika kwa wino, lakini wino hufa kwenye maji. Mama Pacha alikuwa akishona uzi ndani ya kola kabla nguo haijaloweshwa. Mafundo mawili mekundu, nyumba fulani. Moja la kijani na moja jeusi, nyumba nyingine. Wateja walikuwa zaidi ya mia, na orodha yote ilikuwa kichwani mwake. Hata kaka alikuwa akimuuliza.

Kaka akafariki. Hata mwezi haujaisha, Jemedari akamwita Mama Pacha chumba cha pasi. Mimi nilikuwa humo nakunja mashuka.

"Hapa sasa ni mahali pa Waislamu," akasema. "Mpaka Ijumaa uwe umetoa shahada. Hutaki, tafuta kazi kwingine. Nakupigania usiingie motoni."

Mama Pacha alikuwa ameshika pasi ya mkaa. "Motoni nipo, mwanangu. Tangu saa moja asubuhi."

Nilicheka. Jemedari hakucheka. Watu wa namna yake hudhani kicheko kinatangua udhu.

Nikamwambia, "Dini haina kulazimishana. Aya yake unaijua, au uliiruka?"

"Shangazi, aya ina tafsiri zake. Wapo wanazuoni waliosema hukumu yake ilifutwa na aya za vita. Wewe uliishia darasa la saba, usiingie maji marefu."

"Darasa la saba nililimaliza. Wewe umeanza mangapi, na umemaliza lipi?"

Akavuta simu yake. Ndilo jibu lake kwa kila kitu.

Jioni Mama Pacha alikuja chumbani kwangu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Dada, nikitamka kwa mdomo tu, moyo ukabaki ulipo? Watoto wamebakiza miezi minne."

"Mungu wako sijui atakujibu nini," nikamwambia. "Wangu hapokei mali ya wizi."

Kesho yake nilikwenda kwa imamu. Ni msomi, simnyimi haki yake. Alinisikiliza, akanieleza vizuri sana: aliyesilimishwa kwa kutishwa, uislamu wake hauna maana, waliosema ile aya imefutwa walikuwa wakizungumzia watu wa vita wa zama zile, wala si mwanamke aliye karoni, na wanazuoni wengi wanasema hata haikufutwa, iko pale pale.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Twende ukamwambie yeye."

Akakohoa. "Unajua, mama, vijana hawa wana hasira. Na jihadi iliyo kubwa ni ya nafsi. Tumwombee."

"Ya nafsi yako mbona inakushinda, imamu? Unamwogopa mtu asiyeweza kuwasha pasi."

Akarekebisha kofia yake, ambayo haikuwa na kasoro. Nimeishi vya kutosha kujua hao wawili wanavyolishana. Mmoja hulifanya neno zuri kuwa rungu, mwingine hulifanya mto wa kulalia.

Alhamisi asubuhi Mama Pacha alimaliza kufua kanzu zote za Ijumaa, akaanika, akavua aproni yake akaitundika msumarini. "Miaka kumi na tisa sijamdanganya mteja hata mmoja," akaniambia. "Siwezi kuanza na Mungu." Akaondoka bila kumtazama aliyekuwa kwenye benchi.

Adhuhuri ilipopita, Jemedari akalazimika kuanua nguo mwenyewe. Nilimsikia akiniita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka.

"Shangazi, njoo uone. Mafundo. Mekundu, meusi, ndani ya kola za Waislamu. Yule mwanamke alikuwa anatufunga kwa uchawi. Si tunasoma kila siku kujikinga na wanaopuliza kwenye mafundo? Haya hapa."

Miaka thelathini na sita katika nyumba ya dobi, na hajui uzi wa dobi ni nini. Nilifungua kinywa nimweleze. Akainua kiganja. "Shangazi. Darasa la saba."

Basi nikafunga kinywa, nikavuta kigoda nikakaa nitazame.

Alikata kwa wembe, kola moja baada ya nyingine, midomo ikimchezacheza kwa dua. Kanzu mia na arobaini. Nyuzi akazikusanya kwenye kopo akazitia moto. Ilikuwa kazi ya kwanza aliyoimaliza tangu azaliwe.

Ijumaa saa tatu wateja wakaanza kuingia.

"Kanzu yangu."

"Ipo vipi?"

"Nyeupe."

Saa nne chumba cha mbele kilikuwa kimejaa wanaume wazima wanaopimana mabega. Mwalimu wa udereva alikwama kwenye kanzu ya kinyozi, mikono juu, kama anayejisalimisha. Jemedari akapanda juu ya benchi.

"Waislamu ni ndugu. Chukueni yoyote."

Mwuza nyama, mtu wa tumbo, akamwambia, "Undugu uanzie kwako. Vua hiyo uliyovaa."

Imamu akaja, akapewa iliyomwishia magotini. Akauliza kumetokea nini. Hapo nikasimama nikawaeleza, kwa sauti yangu ya darasa la saba: uzi ulikuwa wa nini, nani alikuwa akiushona, kwa nini hayupo, na nani alishinda jana akipigana na kola. Mwuza nyama akaanza kucheka tumbo likimtikisika, na wengine wakafuata.

Imamu hakucheka. Alijitazama miguu. "Kijana, hukuwa na haki ya kumlazimisha," akasema. "Kamrudishe, na dini yake usiiguse." Aya aliyoijua tangu utoto, aliitumia siku magoti yake yalipokuwa nje.

Nilimfuata Jemedari mpaka kwa Mama Pacha, nisikose kitu. Tulimkuta mlangoni anachambua mchele.

"Kazi ipo," Jemedari akaiambia sakafu.

"Ya kufua au ya dini?"

"Ya kufua."

"Na dini?"

"Kila mtu na yake."

"Shangazi yako hasikii vizuri. Sema tena."

Mimi nasikia hata panya akimeza. Akasema tena, kwa sauti.

Mama Pacha alirudi, akajifunga aproni, akazipitia zile kanzu kwa mikono. Huyu husinzia na kalamu mfukoni. Huyu bega lake la kushoto limeshuka. Huyu mwuza nyama, mafuta hayamtoki kwenye pindo la mkono. Alikuwa akisema na kurusha, kila mmoja akidaka yake, na adhana ilipoadhiniwa chumba kilikuwa kitupu. Ikabaki kanzu moja. Akampa Jemedari bila kuikagua.

"Yangu umeijuaje?" akauliza. "Jana nilipokuwa nakata, hii sikuiona na uzi."

"Yako sikuwahi kuitia uzi," Mama Pacha akasema. "Ndiyo kola pekee isiyo na jasho."

Wale pacha ni wakunga sasa. Jemedari bado tunaye. Siku hizi husema jihadi yake ni ya nafsi. Kila akisema, namwonyesha karo lilipo.