Mwenye Nyumba Wangu Alikuwa Rubani

Mwaka ule polisi walianza kukagua pasipoti Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, China, tulikofanyia biashara Waafrika wengi, karibu kila siku. Walisimama kwenye milango ya majengo ya maduka ya jumla, kwenye ngazi za metro, na mbele ya ofisi za kargo tulikopeleka mizigo yetu. Zamani ukaguzi ulikuwa jambo la kupita: unaonyesha pasipoti, unaendelea na safari. Sasa watu walikuwa wananyimwa viza bila maelezo, na wenzetu wengi, Wakenya, Wakongo na Wanigeria, waliishi kwa kuchungulia dirishani kabla ya kutoka.

Mimi nilifanya biashara ya nguo. Nilinunua kwenye soko la jumla la Shisanhang, nikafunga marobota na kuyatuma Dar es Salaam, ambako dada yangu aliyapokea na kuyapandisha Iringa. Nilikuwa nimepanga chumba kwa wazee wawili, mume na mke, kwenye ghorofa ya tatu ya jengo la zamani. Watoto wao walikuwa wamehamia mbali kaskazini. Tulitumia jiko moja, na kila mtu alijua sufuria yake. Kwa Kichina babu huitwa yeye, na miezi ya mwanzo nilikuwa nacheka peke yangu kila nilipomwita, maana nilijisikia kama nasema, "Yeye, njoo ule," huku yeye mwenyewe amesimama mbele yangu. Baadaye nilizoea, lakini moyoni walikuwa Babu na Bibi, na humu nitawaita hivyo.

Babu alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii kitu. Alifua soksi zake mwenyewe na kuzianika zikiwa zimenyooka kama askari kwenye gwaride. Sebuleni palikuwa na picha ya kijana mwenye kofia ya ngozi, amesimama kando ya ndege. Nilijua ni yeye, ila sikuwahi kumuuliza. Kichina changu kwa muda mrefu kilikuwa cha sokoni tu: bei, rangi, saizi, na meiyou, yaani hakuna.

Asubuhi moja askari wawili walipanda ngazi zetu nikiwa jikoni naosha mchele. Nilikuwa nimeomba kuongezewa muda wa kukaa, kwa hiyo pasipoti yangu ilikuwa uhamiaji, na mkononi nilikuwa na stakabadhi tu. Yule kijana kati yao aliigeuza huku na huku, akasema haitoshi, twende kituoni. Bibi alianza kubishana nao kwa Kikantoni, sauti juu. Babu alivaa viatu, akachukua chupa yake ya chai, akashuka ngazi nyuma yetu.

Kituoni niliingizwa chumba chenye mlango wa kioo, pamoja na wenzangu wengine waliokusanywa mtaani. Babu alikaa kwenye benchi la korido, mahali nilipoweza kumwona. Askari wa mapokezi alimfuata.

"Mzee, nenda nyumbani ukapumzike. Tunahakikisha maelezo yake."

"Nitasubiri."

"Inaweza kuchukua siku nzima."

"Sina kazi nyingine," alisema Babu.

Mchana Bibi alimletea Babu chakula na dawa zake za presha, akamwambia arudi nyumbani alale kidogo. Alimeza dawa, akala, akabaki palepale. Nilikuwa na hofu nyingi siku ile. Nilifikiria mzigo wangu, nilimfikiria mama yangu akipigiwa simu kuambiwa nimefungwa. Lakini kila nilipoinua macho nilimwona Babu, mikono magotini, ananitazama. Hakutabasamu wala kunipungia mkono. Alikuwepo tu.

Jioni uhamiaji walithibitisha ombi langu na nikaachiwa. Babu alisimama kwa shida, miguu imekufa ganzi. Tukiwa njiani nilimwambia kwamba angeenda tu kupumzika, ningerudi mwenyewe.

"Ulikuwa unaniona?" aliuliza.

"Ndiyo, muda wote."

"Basi," alisema, akaendelea kutembea.

Bibi ndiye aliyenifungulia jambo lile, kesho yake, tukimenya vitunguu saumu. "Usishangae kwamba hakuondoka," aliniambia. "Kuna mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumwacha. Muulize. Wewe atakwambia. Watoto wetu walichoka kusikiliza."

Pasipoti ilikuwa bado haijarudi, kwa hiyo sikuthubutu kutoka ovyo. Alasiri nilikaa nao sebuleni, na Babu akaanza kunisimulia, polepole, akichagua maneno mepesi ili nimwelewe.

Alizaliwa kijijini, kwenye mashamba ya mpunga kusini mwa mji. Walikuja watu shuleni wakawapima wavulana macho, na yeye akachaguliwa. Walimpeleka kaskazini kwenye baridi ambayo hakuwahi kuiota, wakamfundisha kurusha ndege za kivita, kisha wakamwingiza jeshi la majini. Nilimwambia nilidhani rubani wa jeshi la majini huruka kutoka melini. Alicheka. Kwao wakati ule hakukuwa na meli ya namna hiyo. Waliruka kutoka kiwanja cha pwani, wakalinda visiwa na meli za upande wao dhidi ya Wachina wenzao walioshindwa vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukimbilia ng'ambo ya bahari.

"Nilikuwa siwezi kuogelea," alisema. "Nilikuwa naogopa maji kuliko risasi. Siku ikiwa safi, bahari na mbingu zinakuwa rangi moja, hujui kipi kiko juu. Unaamini saa za vipimo zilizo mbele yako, macho yako unayaacha."

Alinieleza kuhusu chakula. Marubani walilishwa nyama na mayai kila siku. Kisha ikaja miaka ya njaa, na barua za nyumbani zikawa fupi. Kutoa chakula nje ya bwalo kulikatazwa kabisa. "Mama yangu alikuwa anachemsha majani," alisema, "na mimi mpishi ananigombeza kwa sababu sikumaliza nyama. Niliimaliza. Ilikuwa ni amri." Mama yake alifariki kabla hajapewa likizo ya kwenda kumwona.

Mapigano yenyewe, alisema, ni mafupi. Unamwona adui kama nzi kwenye kioo, halafu yuko mbele yako, halafu hayupo. Aliwahi kumpiga mmoja. Ndege ile ilitoa moshi ikageuka kurudi kwao, na hakujua kama ilifika. Alipewa medali. "Aliongea lugha niliyoongea mimi," alisema. "Mpaka leo nashangaa alikuwa mtu wa mkoa gani."

Siku ya mwenzake alinisimulia mara moja tu. Waliruka wawili wawili, na huyo mwenzake walikuwa pamoja tangu mafunzoni, kitanda cha juu na cha chini. Ndege yake ilipigwa wakiwa mbali na pwani. Alifanikiwa kuruka na mwavuli, akaangukia majini. Babu aliteremka chini akamwona, kichwa tu kwenye mawimbi, ameng'ang'ania boya dogo. Alitoa taarifa redioni mahali mwenzake alipo na kuanza kuzunguka juu yake, ili ajue ameonekana. Kiongozi wao akamwamuru arudi. Akazunguka tena. Akaamriwa mara ya pili. Akaendelea mpaka taa ya kuonya kwamba mafuta yanaisha ikawaka.

"Nilitikisa mabawa," alisema. "Naye akainua mkono. Sikujua kama ananiaga au ananiita."

Boti za uokoaji zilipofika, upepo ulikuwa umekwishapanda. Hazikukuta kitu.

Kichina changu hakikuwa na neno la kumpa. Nikamwambia kwa Kiswahili, pole. Aliuliza maana yake, na nikajaribu kumweleza kwamba kwetu unamwambia hivyo mtu aliyepatwa na jambo, hata kama wewe hukumkosea, kwa sababu unaumia pamoja naye. Alijaribu kulitamka. "Sisi hatuna hilo," alisema, kisha akaenda kulala.

Sehemu iliyobaki alinipa Bibi. Yule kijana aliyepotea baharini ndiye aliyekuwa mchumba wake. Bibi alikuwa msichana wa kiwanda cha hariri, na Babu ndiye aliyekuja kumpa habari. Alisimama mlangoni mwa bweni la wafanyakazi akiwa na sare zake, peke yake, amevua kofia. Bibi akaelewa. Baada ya hapo alikuja kila alipopata likizo, akimletea mayai aliyonunua njiani, na ilipita miaka kabla hajamwomba wafunge ndoa.

"Watu walisema vibaya," Bibi aliniambia. "Lakini yeye ndiye wa mwisho kumwona. Ningeongea na nani mwingine?" Alikuwa anakatakata tangawizi, hakuinua macho. "Mimi humwambia kwamba ule mkono ulikuwa wa kumuaga. Naye hunijibu kwamba mimi sikuwepo. Tumebishana hivyo tangu tungali vijana."

Niliwatazama tofauti baada ya hapo. Nilianza kuona jinsi Bibi alivyomgeukia upande wa sikio zima kila alipotaka kumwambia kitu, na jinsi alivyomwachia mwavuli mlangoni hata siku ya jua.

Pasipoti yangu ilirudi mwishoni mwa mwezi. Nilikuwa nimenyimwa muda niliouomba, nikapewa siku chache tu za kufunga mambo yangu na kuondoka. Nililia jikoni, Bibi akanichemshia supu ya kuku. Rafiki yangu mmoja Mkenya alichukua nguo nilizokuwa nimeshalipia akaziunganisha na kontena lake. Babu alitaka kunisindikiza uwanja wa ndege, na hakuna aliyejaribu kumzuia. Alisimama kwenye foleni pamoja nami mpaka mahali asiporuhusiwa kupita. Aliniuliza kama nimepata kiti cha dirishani. Nilimwambia sijui. Akaniambia niombe.

Nilirudi Iringa, nikafungua duka langu mtaa wa sokoni. Siku hizi mizigo naagiza kwa simu, na sijapata nafasi ya kurudi Guangzhou. Nilizoea kuwapigia wakati wa mwaka wao mpya. Mwaka wa tatu Bibi ndiye aliyepokea, akaniambia Babu amefariki, asubuhi, baada ya kunywa chai. Sauti yake ilikuwa imetulia. Nilifuta macho kwa nguo ya dukani.

Mwisho nikamuuliza kama anaishi peke yake. Akasema hapana, chumba changu amempangisha Mkongo, kijana mwenye adabu, anayeimba kwa sauti kubwa akioga. Nikamuuliza kama polisi wanamsumbua.

"Karatasi zake ziko sawa," alisema Bibi. "Tatizo lake ni mafuta. Anakaanga kila kitu, na dirisha la jikoni hataki kulifungua."