Kalenda ya Sala Juu ya Kioo cha Kamera

Kijiji chetu kizima cha Gando kimeshaniona nilivyo ndani ya kanzu, basi bora nisimulie mwenyewe kuliko kuwaachia wanaotia chumvi.

Salma, binti wa marehemu kaka yangu, alikuwa amefunga kamera kwenye ghala langu la karafuu, na siku hiyo wazee wa ushirika walikuja barazani kwangu kutazama kioo chake cha kuonyeshea picha za kamera hizo. Wakiridhika, wampe kazi ya ghala lao kubwa. Mwanzo picha zote zilikuwa ndogo ndogo, sawasawa, na mlinzi wangu Mzee Khatibu akizitazama kidogo tu anakoroma (kama baadhi yetu kwenye hotuba ya Ijumaa, siwataji). Salma akazipanga upya: anapopita mtu, picha ya hapo hujikuza yenyewe ikajaa kioo kizima.

Alinieleza yote hayo, nami nikavuta tasbihi yangu nikaitikia "Inshaallah" bila kusikia neno.

Kabla wageni hawajafika nikaona picha moja ya pembeni inaonyesha uchochoro wa kwendea bafuni, nikasema hii si adabu, nikabandika kalenda ya sala juu yake, nikajihesabia thawabu. Wageni walipokaa nikaenda kuwakatia kishada cha karafuu mbichi, na tawi likanimwagia maji moto, wale sisimizi wekundu wa mikarafuu, wakaingia kanzuni wote, wadogo kwa wakubwa. Nijisitiri wapi? Uchochoroni! Si nimeshauziba? Nikavua kanzu, nikaruka, nikajipiga makofi makalioni, huku nikiomba msamaha kwa dhambi ambazo hata sijazifanya.

Nikasikia Mzee Khatibu anapiga kelele barazani: "Mwizi! Mwizi yu uchi!"

"Mwizi gani? Shehe Faki huyo!" mgeni mmoja akanitambua.

"Aka! Na ngoma hiyo kafundishwa na nani?"

"Ami, vaa!" Salma akaita. "Umejaa kioo kizima!"

Picha ilipojikuza, kalenda yangu ilibaki imeziba kipande cha ukuta tu.

Nilirudi barazani nikiangalia miguu yangu. Mwenyekiti wa ushirika alikuwa anafuta machozi kwa kilemba. "Mwanangu," akamwambia Salma, "kioo kilichomwamsha Khatibu ndicho tunachokitaka. Kazi ni yako."

Alhamdulillahi, Salma amepata kazi, na siku ile nilivaa bukta, tena isiyotoboka. Kamera ya uchochoroni ameigeuzia mlango wa ghala, njia ya bafuni isionekane tena, kama nilivyotaka, lakini mimi bado hupita pale nimeishika kanzu kwa mikono miwili. Na Salma akinieleza jambo siku hizi, tasbihi naiweka chini kwanza, namsikiliza mpaka mwisho, ndipo naitikia Inshaallah.