Ngege wa Mtihani

Harufu ya kitunguu kinachokaangwa ilikuwa ikitufikia katikati ya somo la Jiografia. Mwalimu alikuwa ametupeleka Kanada, kwenye mashamba ya ngano yasiyo na mwisho, nasi wana wa Seme, kando ya ziwa, tulikuwa tukichora mashine za kuvunia ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuziona, huku matumbo yakinguruma. Kitunguu kilitoka chumba cha pili, chumba cha Sayansi Kimu, ambamo wasichana walifundishwa mapishi, ushonaji na utunzaji wa nyumba. Ukuta uliotutenganisha nao haukufika darini, kwa hiyo kila kilichopikwa kule tulikijua kwa pua. Wenzangu walicheka na kupepea madaftari. Mimi nilifumba macho, nikajaribu kukisia kama nyanya imeshatiwa au bado, na ngano ya Kanada ikajivuna yenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, mfumo wa elimu wa nane-nne-nne ukiwa bado mpya, na kidato cha kwanza kilikuwa sinia lililojaa hadi pomoni. Historia ilitupa mtu wa kale na mawe yake. Kemia ilitunusisha mayai viza na kutuambia hiyo ndiyo sayansi. Katika Biolojia tulichora meno na utumbo, katika Kilimo kila mmoja alipewa tuta lake la sukuma wiki, na katika Kiswahili tulipambana na ngeli, sisi ambao nyumbani tulisema Dholuo na sokoni tulisema Kiswahili cha kuokota. Fizikia ilitueleza kwa nini chombo huelea, nami nikamtazama baba yangu kwa jicho jipya, kwa maana yeye alikuwa fundi wa kuunda mashua pale ufuoni. Kila Jumatatu mwalimu mkuu alisimama mbele ya bendera akatuambia kwamba masomo yote haya ni ya kutufanya tujitegemee. Niliamini. Lakini kengele ya vipindi vya ufundi ilipolia, shule ilipasuka katikati bila mtu kuuliza: wavulana karakana ya useremala, wasichana jikoni.

Muhula ule wa kwanza mwalimu wa useremala alihamishwa, na mwingine hakuletwa. Karakana ikafungwa kwa kufuli. Sisi wavulana tukapewa slasha, na vipindi vyetu vya ufundi vikawa vya kufyeka nyasi. Tulifyeka uwanja wa mpira, tukafyeka mbele ya ofisi, tukafyeka njia ya kuelekea nyumbani kwa mwalimu mkuu, na tulipomaliza, nyasi za kwanza zilikuwa zimeota tena. Siku moja jua limewaka utosini, harufu ya kitunguu ikaja. Niliiweka slasha chini ya mti wa mjakaranda, nikanawa mikono bombani, nikaingia jikoni. Mwalimu wa Sayansi Kimu, Bi. Kadenyi, mama mnene wa kutoka upande wa Maragoli aliyesema polepole kama mtu anayepepeta mchele, alinitazama viatu kwanza, kisha uso. "Umepotea?" akauliza. Nikamwambia, "Hapana, Mwalimu. Huko nje hatusomi kitu. Nimekuja kusoma." Wasichana waliangua kicheko. Bi. Kadenyi akanipa kisu na kitunguu, akasema nikilia ni shauri yangu.

Watu wakinisikia nikisimulia haya hunitafutia sababu ya huzuni. Wananiuliza kama mama alikuwa mgonjwa, au kama nilibaki na wadogo wa kulea. Sina huzuni ya kuwapa. Mama yangu alikuwa mzima wa afya, na dada zangu walikuwa wawili wenye nguvu. Nilipenda tu. Nilipenda unga ulivyobadilika mikononi, nilipenda kujua kwa nini mboga ikipikwa sana inapoteza nguvu, na kwamba kile tulichokichora kwenye Biolojia kilikuwa pale ndani ya sufuria kikichemka. Masomo mengine yote yaliishia kwenye daftari. Hili lilikuwa na ladha. Wavulana walinipa jina la Min Ot, maana yake kwa Dholuo mama mwenye nyumba, wakawa wakiniamkia kwa kupiga goti. Niliitikia. Nilikuwa nikitoka jikoni na kipande cha mandazi, na wale waliopiga goti ndio waliokuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Tatizo lilikuja na muhula wa pili, mwalimu mpya wa useremala alipowasili. Mwalimu mkuu alitangaza gwarideni kwamba wavulana wote warudi karakana, kisha akanitazama mimi. Kipindi kilipofika nilienda jikoni kama kawaida. Niliitwa ofisini nikapigwa viboko, na baada ya viboko nikasomewa methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikasema, "Mwalimu, ulituambia masomo ni ya kujitegemea. Mtu akijua kupika si amejitegemea?" Viboko viliongezwa, nikatumwa nyumbani kumleta mzazi. Nasema hivi leo nikiwa na miguu yote miwili, haijavunjika.

Nilimwogopa baba. Nilimkuta ufuoni akipiga randa ubao wa mashua, maranda yamemganda kwenye jasho. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akaketi juu ya ule ubao. "Mimi naunda mashua, wewe unaunda chapati," akasema. "Haya, mashua bila chakula itafika wapi? Lakini enda uambie mama yako. Mimi siko hapo." Nilidhani amenipa ruhusa. Kumbe alikuwa amenitupa kwa simba, na yeye akarudi kwa mbao zake.

Mama ndiye aliyekuwa kitu cha kuogopa, nami sikuwa nimeliona hilo. Mama Ochieng' alijulikana toka Kombewa hadi ufuoni kwa mkono wake. Kukiwa na harusi, au mazishi, au askofu akitembelea parokia, yeye ndiye aliyeitwa kusimamia masufuria, na wanawake wengine walimkatia vitunguu. Nilipomwambia, hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda chake akaacha mboga ya mrenda ichemke mpaka ikamwagika motoni. "Ochieng'," akasema, "unajua watu watasema aje? Watasema Mama Ochieng' ameshindwa kupikia watoto wake mpaka kijana ameingia jikoni. Wewe hawatakucheka. Ni mimi." Kisha akalia, na mimi sikuwahi kumwona mama akilia isipokuwa msibani. Iliniuma. Lakini hata pale, moshi ukituingia machoni sote wawili, sikusema nitaacha. Nilisema, "Mama, sipiki kwa sababu hujapika. Napika kwa sababu umepika vizuri." Alinifukuza jikoni na mwiko mkononi.

Kesho yake alivaa kitenge chake cha kanisani akaja shuleni mwenyewe. Mwalimu mkuu alimkaribisha kwa furaha, kwa kuwa walikuwa upande mmoja. Mama alisema nitolewe mapishi nipelekwe kwa mbao, baba yangu ni fundi na jina lisipotee. Mwalimu mkuu akasema nisipotii nitafute shule nyingine. Wote wawili walinigeukia. Nilisimama pale, fulana imelowa mgongoni, nikasema sitaenda karakana. Bi. Kadenyi, ambaye naye alikuwa ameitwa, akakohoa. Akasema mwisho wa mwaka kuna mtihani wa vitendo, na kila mwanafunzi humpikia mgeni mmoja. Kwa nini mgeni wangu asiwe Mama? Nikipika chakula kisichoweza kulika, nitaenda useremala na mambo yataisha. Mama alinitazama kuanzia juu hadi chini, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Alikuwa na hakika, na mwalimu mkuu naye akaitikia kwa kichwa. "Sawa," akasema. "Nitakuja na njaa."

Nilipika miezi ile kama mtu anayefukuzwa. Siku ya mtihani ilipofika nilipewa karatasi ya swali: samaki na mchuzi mweupe, yaani ule mchuzi wa maziwa, siagi na unga wa ngano uliokuwa kwenye kitabu chetu. Mchuzi ule nilikuwa nikiujua vizuri; alama zote zilikuwa ndani yake. Lakini nilijua pia kwamba nikimwekea mwanamke wa ziwani ngege, samaki wa kwetu, aliyefunikwa kitu kama uji, kesho nitakuwa na msumeno mkononi. Nilikaa na yule ngege mezani, macho yake yakinitazama. Mwishowe nilifanya mambo mawili. Nilipika mchuzi mweupe wao, laini bila donge, nikauweka kando kwenye bakuli. Ngege nilimpika jinsi nilivyomwona mama akimpika maisha yangu yote: nyanya na kitunguu, moto mdogo, halafu mwishoni mtindi uliokolea, sufuria ikitikiswa bila kuguswa na kijiko ili samaki asivunjike. Nikasonga ugali wa mtama mpaka bega likauma.

Mama aliketi kwenye meza yenye kitambaa nilichokidarizi mwenyewe. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni, na nyuma yake madirisha yalijaa vichwa vya wavulana. Nilimletea maji, akanawa. Akaonyesha bakuli kwa kidole. "Hii uji ni ya nani?" "Ni ya mtihani, Mama." Akalisogeza mbali. Alimega ugali, akauviringa, akachovya. Alitafuna taratibu akiangalia ukuta. Alirudia tena, na tena, akaufuata ule mgongo wa samaki kwa vidole, akanyonya kichwa, akapanga miba pembeni mwa sahani kama alivyofanya nyumbani akiwa hana haraka. Kisha akanawa mikono akasema, "Chumvi imepungua."

Mwalimu mkuu akaingia ndani akisugua viganja. "Basi, Mama, umejionea mwenyewe. Aende useremala." Mama alikausha kidole kimoja kimoja kwenye ncha ya kitenge. "Aende wapi, Mwalimu?" akasema. "Mtoto anapika na chumvi imepungua, halafu unamtoa kwa masomo? Akae hapo mpaka ajue." Akainuka. Alipopita karibu nami hakunigusa wala hakunitazama, lakini alichukua sahani ile yenye miba akaipeleka kwenye karai mwenyewe, na kwa mgeni mwenye heshima zake hilo si jambo dogo. Mchuzi mweupe ulinipa nusu ya alama zake, kwa kuwa haukuwa juu ya samaki. Mpaka leo sijauomba radhi.

Sasa mimi ni fundi wa friji mjini Kisumu, si mpishi wa hoteli, na silazimiki kuwa mpishi wa hoteli ili kuthibitisha chochote. Nimeona dunia ikigeuka. Siku hizi shule zinawaagiza watoto wa kiume kupika nyumbani, na wazazi kule Milimani, mtaa wa wenye nafasi, wanawapiga picha vijana wao wakisonga ugali, wamevaa aproni zenye maua, kisha wanamtumia mwalimu kwa simu. Ni vizuri. Nafurahi. Ila wakiniambia kwamba hili ni jambo jipya lililoletwa na mtaala mpya, nawauliza viboko vyangu walivihesabu wapi. Na wanaume wa rika langu bado hunicheka msibani wakiniona nimekunja mikono ya shati karibu na masufuria. Wacheke. Wakimaliza kucheka watakuja na sahani.

Mama bado yuko Seme. Mikono yake inatetemeka na haiinui tena sufuria, na daktari wa Kombewa amemkataza chumvi kabisa. Kila Jumamosi naenda na ngege kutoka ufuoni, nakaa kwenye kigoda chake kile kile, nampikia kwa moto mdogo, yeye akinielekeza kutoka kitandani kana kwamba sijawahi kuona nyanya. Anakula taratibu akiangalia ukuta. Anapanga miba pembeni. Halafu anasema, kwa sauti ambayo hata majirani wanaisikia, kwamba chumvi imepungua.

"Basi bado sijajua, Mama," namjibu. "Acha nikae."