Povu la Waridi

Shangazi yangu msusi alikuwa na adui mmoja tu duniani: asidi. Ukutani mwa saluni alibandika tangazo la wino mwekundu, HAPA HATUTUMII ASIDI. Na kweli hakuitumia. Dawa yake ya kulainisha nywele ilikuwa besi kali, ndugu wa damu wa ile soda ya kuzibulia mabomba, lakini kwa kuwa jina la besi halikumtisha mtu, yeye aliihesabu pamoja na mafuta ya nazi.

Dada yangu alipokaribia kuolewa, Shangazi alikiomba kichwa chake kama watu wanavyoomba vyeo. Mama, ambaye ni wifi yake, alitaka saluni ya mjini yenye kiyoyozi. Baba akasema yeye hana upande, akaenda kununua gazeti. Mwishowe Mama alikubali, mradi akae palepale na kutazama. Ungedondoka unywele mmoja, Shangazi angesimangwa mpaka kaburini.

Dawa ikapakwa. Dada akasema inawasha. Shangazi akamweleza kwa upole kwamba kinachowasha ni asidi, na hapa asidi hamna, kwa hiyo hawashwi. Hoja ilikuwa safi. Kichwa ndicho hakikuielewa.

Ukafika wakati wa ile shampuu ya kuua makali ya dawa. Povu likatoka la waridi, rangi ileile ya sare za harusi. Shangazi akaona hata kemia imebariki ndoa. Akachukua taulo amkaushe.

Mama alikuwa akiikagua chupa ya shampuu, akitafuta tarehe ya kuharibika ili apate la kusema. Akapata kubwa zaidi.

"Wifi, hapa wanasema osha mpaka povu liwe jeupe."

"Jeupe la nini? Kwani anaolewa na daktari?"

"Likiwa waridi, dawa bado inakula."

"Itakula nini, na asidi hamna?"

"Besi nayo ina meno, wifi. Soma mwenyewe."

Wateja waliokuwa chini ya mashine za kukaushia wakatoa vichwa. Shangazi angeweza kusema alijua tangu mwanzo, na uongo anaujua vizuri kuliko kusuka. Lakini aliitazama shingo ya Dada, nyuma, ilivyoiva. Akaweka taulo chini.

"Nishikie bomba," akasema.

Wakaosha wote wawili. Waridi, waridi ya kufifia, waridi ya kubahatisha, hatimaye jeupe. Mama, aliyekwishakuwa mtaalamu, akapendekeza waongeze ndimu, maana asidi huivunja besi.

"Ngozi imechubuka, wewe unataka ndimu," Shangazi akajibu. "Leta na chumvi basi, tumle."

Dada aliolewa na nywele zake zote, isipokuwa kipande nyuma ya sikio kilichofunikwa kwa ua. Shangazi aliwaambia wageni kuwa ndiyo mtindo mpya, na Mama akaapa kwamba ni kweli. Fadhila hiyo inalipwa mpaka leo: kila Jumamosi Mama yuko saluni, kwenye kiti kizuri cha wateja, anasoma chupa kwa sauti, hata za mafuta ya kujipaka.